Mabinti Wanne wa Nyumba Moja

Mara nyingi walimu wenzetu hutuuliza ni kitabu gani cha hadithi kiwafaacho wasichana waliokwisha kumaliza shule ya msingi, wajuao kusoma vema, ambao hawapendezwi tena na hadithi za sungura na fisi. Vitabu ni vingi siku hizi, na vingine havifai kuwekwa mezani. Mwezi huu twapenda kusema habari za kimoja tu, kilichoandikwa Marekani zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, nacho chaitwa Little Women, yaani Wanawake Wadogo. Hatukisifu kwa kuwa ni cha zamani, wala kwa kuwa kina mafundisho mengi; mafundisho yake mengine yamezidi kipimo, nasi tuliyaruka. Twakisema kwa ajili ya neno moja lililomo ndani yake, ambalo sisi tulio wanawake twalijua kwa miili yetu: ya kwamba ndugu wa kike waanzapo kutoka katika desturi za mama zao na kushika maisha mengine, hawatoki pamoja. Hutoka mmoja, na mwingine hubaki nyumbani akibeba mzigo wa wawili.

Mwandishi wake ni Bibi Louisa May Alcott, aliyezaliwa mwaka 1832, akafa mwaka 1888. Miaka yake mingi aliishi katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Bronson Alcott, alikuwa mwalimu mwenye fikira kubwa na mfuko mtupu. Alikuwa na shule mjini Boston. Alipompokea mtoto mweusi akae pamoja na weupe, wazazi wakawaondoa watoto wao na shule ikafa. Kwa hilo twamheshimu. Lakini heshima haipikwi, na nyumbani walikuwako mke na mabinti wanne, Anna, Louisa, Elizabeth na May, wote wakingoja kula.

Hata mwaka 1868 mpiga chapa mmoja wa Boston, Bwana Thomas Niles, akamtaka Louisa aandike kitabu cha wasichana. Louisa hakuipenda kazi hiyo, maana alijiona hawajui wasichana wengine ila ndugu zake. Basi akawaandika hao. Anna akawa Meg, Elizabeth akawa Beth, May akawa Amy, naye mwenyewe akawa Jo, msichana mwenye miguu mirefu na hasira ya upesi, apendaye vitabu kuliko nguo. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka ule ule, na ya pili mwaka 1869.

Hadithi yenyewe yaanza siku za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 hata 1865. Baba yuko mbali, ni kasisi wa askari. Nyumbani yuko mama na mabinti: Meg mwenye miaka 16, Jo 15, Beth 13, na Amy 12, pamoja na mtumishi wao mzee, Hannah. Zamani walikuwa na mali, ikapotea. Meg hulea watoto wa matajiri. Jo humhudumia bibi mmoja wa ukoo wao, tajiri mwenye maneno makali. Beth hukaa nyumbani, maana huona haya mno mbele ya watu. Amy huenda shule. Wasomaji waliokisoma kitabu cha Msafiri cha John Bunyan watafurahi, kwa kuwa mabinti hawa walicheza mchezo wa Msafiri walipokuwa watoto, na katika hadithi yote kila mmoja ana mzigo wake wa kuutua: Meg kutamani mapambo, Jo hasira, Beth haya, Amy majivuno. Mama yao naye ana wake. Siku moja amwambia Jo ya kuwa kwa miaka arobaini ameshindana na hasira yake, wala haijaisha. Hatukumbuki kitabu kingine cha zamani kilichomweka mama Mkristo akisema hivyo mbele ya mtoto wake.

Kitabu hiki tulimsomea dada yetu mkubwa jioni baada ya chakula, tukisoma Kiingereza kimoyomoyo na kusema Kiswahili kwa sauti, naye akipukuchua mahindi. Yatupasa kueleza kwa nini yeye. Dada aliacha shule katika darasa la nne, mwaka ule mama yetu alipougua. Akachota maji, akapika, akaamka usiku kukaanga vitumbua vya kuuza njiani, na kwa senti zile tulinunuliwa sare na madaftari. Sisi tukafika chuo cha ualimu. Yeye asoma Agano Jipya polepole kwa kidole, na barua asomewa. Basi tulipokipata kitabu hiki tulijua ni nani astahiliye kukisikia kwanza, hata kabla ya wanafunzi wetu.

Swali lake la kwanza lilikuja kabla ya sura ya kwanza kwisha. "Mdogo wangu," akasema, "hao wote wameketi karibu na moto wanafuma na kuongea. Chakula anapika nani?" Tukamjibu, "Hannah." Akauliza, "Huyo Hannah ana watoto wake?" Tukatafuta mbele na nyuma, hatukuona kitabu kikisema. Tangu usiku ule kila lilipotokea jina la Hannah alituambia tusikimbize. Nasi twakiri ya kwamba wataalamu wengi wameandika juu ya kitabu hiki, lakini swali la dada hatujaliona katika maandiko yao tuliyoyasoma.

Iko sura moja ambayo twapenda walimu wenzetu waisome kabla ya kushika fimbo. Amy apeleka shuleni ndimu za chumvi ishirini na nne, naye mwalimu alikwisha kuzikataza. Mwalimu amwamuru azitupe dirishani mbili mbili, ampiga kiganjani, kisha amsimamisha mbele ya darasa mpaka saa ya mapumziko. Mama yake amwondoa katika shule ile. Tena asimtetee kwa uongo; amwambia wazi kwamba alivunja amri na alistahili adhabu, bali si adhabu ya namna ile. Sisi tuliipenda sana sura hii. Dada alicheka. "Mama huyo," akasema, "alikuwa na mahali pengine pa kumsomesha."

Tukaendelea. Asubuhi ya Krismasi mabinti hawa wanne wakichukua chakula chao na kukipeleka kwa jirani maskini, mama Mjerumani aitwaye Hummel, mwenye watoto sita na kichanga, bila moto nyumbani. Ni habari njema, na mhubiri aweza kuitumia. Lakini ukweli mchungu waja baadaye, mama yao akiwa safarini. Beth awaambia ndugu zake waende kuwatazama akina Hummel, mtoto mchanga ni mgonjwa. Meg amechoka. Jo ana hadithi ya kumaliza. Beth aenda peke yake, na mtoto yule afa mapajani pake, naye apata ile homa yenye vipele vyekundu. Apona mara hiyo, bali nguvu zake hazikurudi. Dada aliyasukuma mahindi kando, akasema, "Kila mmoja alikuwa na udhuru. Aliyekuwa hana udhuru ndiye aliyebeba."

Habari iliyowapendeza wasomaji wengi duniani ni ile ya nywele za Jo. Baba yao yu mgonjwa hospitalini Washington. Mama ahitaji nauli. Jo atoka, arudi na dola 25, na kichwa kimenyolewa. Alikuwa ameuza nywele zake, uzuri wake wa pekee. Mchana ajifanya shujaa. Usiku ndugu yake amsikia akilia kwa ajili ya nywele. Twaona hapo mwandishi ameweka mkono juu ya jambo lake mwenyewe, maana Louisa aliuza vingi kabla ya kuandika kitabu hiki. Mwaka 1851 alikwenda kuwa mtumishi wa nyumba ya watu. Akafanya kazi majuma saba, akalipwa dola nne. Alishona, akafundisha. Desemba 1862 alikwenda kuwauguza askari katika hospitali ya Georgetown, na muda mfupi baadaye akashikwa na homa ya matumbo, akatibiwa kwa dawa yenye zebaki, wala hakuwa tena mtu wa afya kamili. Aliandika pia hadithi za vitisho na visasi kwa ajili ya magazeti, akificha jina lake chini ya jina la A. M. Barnard, siri hiyo ilifichuliwa mwaka 1943, yeye akiwa kaburini miaka hamsini na mitano. Yote hayo yalikuwa mkate wa nyumba ile.

Wako watakaosema, kitabu cha namna hii chawafundisha wasichana kudharau ndoa. Sivyo. Sura za Meg ni baadhi ya zile tuzipendazo zaidi. Meg aolewa na John Brooke, mwalimu asiye na kitu, ingawa yule bibi tajiri amtisha kwamba hatampa hata senti. Kisha twamwona jikoni siku nzima akipika jemu ikatae kuganda, na mumewe aingia na mgeni. Twamwona amenunua hariri ya dola 50, na mumewe, bila kumfokea, afuta agizo la koti lake la baridi. Meg aiuza hariri kwa rafiki yake, akalinunua koti lile. Mwenye kuandika hayo hakudharau nyumba ya mtu. Twatamani wanaume wazisome sura hizo pia, maana John hatoki humo bila doa: mtoto mmoja asipotaka kulala, ajifunza kazi ambayo hapo kwanza hakuihesabu kuwa kazi.

Jo ndiye afanyaye la ajabu. Kijana wa jirani, Laurie, tajiri na rafiki wa kweli, amposa, naye akataa. Hakuna baba aliyemlazimisha kukubali wala kukataa. Alijitazama akaona kwamba urafiki ule hautageuka kuwa upendo wa mke. Twadhani hii ndiyo sababu kitabu hakikufa. Louisa alitaka Jo asiolewe kabisa, aishi kwa kalamu yake kama alivyoishi yeye. Lakini sehemu ya kwanza ilipotoka, wasichana walimwandikia barua nyingi wakiuliza kila mmoja ataolewa na nani, kana kwamba maisha ya msichana hayana swali jingine. Louisa alikasirika. Hakutaka kumpa Laurie ili kuwafurahisha, bali hakuweza pia kumwacha Jo peke yake. Akamtafutia Profesa Bhaer, Mjerumani wa makamo, maskini, mwenye ndevu na mwavuli. Sisi twamwona profesa huyo kuwa mtu mwema, hata hivyo twasikia katika kurasa zile mkono wa mwandishi ukisukumwa. Mwanamke ambaye hakuolewa, aliyelisha nyumba nzima, hakuruhusiwa na wasomaji wake kumwandika mwanamke kama yeye.

Sasa twaja kwa Amy. Katika sehemu ya pili ndugu yao mmoja tajiri ataka kumchukua msichana mmoja kwenda Ulaya. Jo aitamani safari hiyo kuliko kitu chochote, tena zamu ilikuwa yake. Lakini alisema maneno ya ukali mbele ya bibi wale wenye mali, na Amy alisema kwa adabu. Basi akachaguliwa Amy. Dada aliacha kupukuchua. "Kwa nini," akasema, "siku zote aendaye ni mdogo?"

Hatukumjibu kwa maneno ya kitabu. Tulimweleza mambo yalivyokuwa kweli. May, ambaye katika hadithi ni Amy, alikwenda Ulaya kujifunza kuchora, na aliyelipa ni Louisa, kwa fedha za kitabu hiki. Mwaka 1877 picha ya May ilipokewa katika maonyesho makubwa ya Paris. Mwaka 1878 akaolewa, na Desemba 1879 akafa, majuma machache baada ya kujifungua binti. Alikuwa ametaka mtoto apelekwe kwa Louisa. Akaletwa Boston mwaka 1880, akaitwa Lulu. Anna naye alikuwa amefiwa na mume mwaka 1870. Louisa alikuwa Roma alipopata habari, akaketi akaandika Little Men, kitabu kilichotoka mwaka 1871, ili wana wa Anna wasikose. Dada alisikiliza yote. "Hata mtoto akaletewa," akasema. Kisha akauliza kama May alipata kuandika barua za shukrani. Tukasema aliandika barua nyingi nzuri. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

Tulikuwa na sababu ya kunyamaza usiku ule. Dada ana mabinti wawili. Mkubwa alimaliza darasa la saba na tangu hapo yuko nyumbani. Mdogo amemaliza kidato cha nne, na mwaka huo alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mbali, safari ya siku nzima. Mama yetu ni mzee, macho yake hayaoni tena, na magoti ya dada mwenyewe hayapandi kilima. Ilikuwa lazima mmoja abaki, na jamaa wote walikwisha kukubaliana bila kikao: mkubwa abaki, amezoea. Hakuna aliyemchukia mtoto yule. Kila mtu alimsifu kwa utulivu wake. Twawaomba wasomaji waangalie jambo hilo, maana Beth naye alisifiwa hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, dada aliwaita kaka zetu na sisi chini ya mwembe. Alisema mdogo ataenda chuoni. Kisha akasema fedha za korosho zikitoka chama cha msingi, kitu cha kwanza kitakachonunuliwa ni cherehani ya mkubwa, nayo itakuwa mali yake, si ya nyumba. Kaka yetu mmoja akasema, "Dada, cherehani yaweza kungoja. Chuo hakingoji." Neno hilo lilikuwa na akili, nasi wenyewe tungeweza kulisema. Dada akamjibu, "Na mimi niliambiwa nitangoja." Hakuongeza. Kaka akatazama chini. Sisi tukapewa ada ya mwaka wa kwanza kuwa fungu letu.

Baada ya kikao tuliendelea kusoma, na usiku mmoja, ili kumchekesha, tulimsomea habari isiyomo kitabuni. Mwaka 1879 jimbo la Massachusetts liliwapa wanawake ruhusa ya kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri ya shule tu, na Louisa akawa mwanamke wa kwanza wa Concord kujiandikisha. Mkutano ulipofika, Machi 1880, wanawake ishirini walihudhuria. Bronson, baba yake, akaomba wanawake watangulie kupiga kura, wakapiga. Hapo mwanamume mmoja akatoa shauri kwamba kura zifungwe, na shauri likapita kabla wanaume hawajapiga. Basi halmashauri ya shule ya mwaka ule ilichaguliwa na wanawake ishirini. Wanawake wa Marekani yote walipata haki hiyo kwa katiba mwaka 1920, Louisa amekwisha kufa. Dada alicheka mpaka akafuta machozi, akataka tumsimulie mama naye.

Beth alikufa juma lile mdogo alipokuwa akifunga sanduku lake. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akishona na kufuma vitu vidogo vidogo kwa ajili ya watoto wa shule waliopita chini ya dirisha lake, mpaka sindano ikawa nzito mkononi. Dada hakulia. Alituomba tuirudie ile habari ya sindano.

Cherehani ilifika mwezi wa Novemba juu ya basi, imefungwa kwa magunia. Mkubwa ameiweka barazani penye mwanga, na ameanza na sare za shule, kaptura kwanza, maana sketi za marinda bado zamshinda. Daftari la fedha aliandika mwenyewe, wala mama yake haliombi. Mdogo alituuliza, "Mama mdogo, naweza kwenda nacho kitabu? Nitakisoma njiani." Tukampa. Zimebaki sura chache ambazo dada hajazisikia, na profesa mwenye mwavuli bado hajafika mlangoni. Ametukataza kumweleza mwisho kwa mdomo, anangoja likizo.